Gambiti ya Stafford kwenye buleti: kununua sekunde kwa askari mmoja

Ninatengeneza simu kwenye kibanda cha ghorofani Luthuli Avenue, Nairobi. Kazi hii ina subira nyingi fupi fupi. Simu ikiwekwa programu upya, unakaa dakika tatu au nne ukitazama mstari ukijaa kwenye kioo. Huwezi kuondoka, huwezi kuanza kazi nyingine. Mimi na jirani yangu wa meza ya pili, anayeuza chaja na vifuniko, tulianza kuzijaza dakika hizo kwa chesi ya mtandaoni ya dakika moja, ile inayoitwa buleti. Kila mchezaji ana sekunde 60 za mchezo mzima. Zikikuishia kabla ya mwenzako, umeshindwa, hata kama ubaoni una malkia wawili naye kabakiwa na askari mmoja.

Katika michezo hiyo nimecheza ufunguzi mmoja mara nyingi kuliko mwingine wowote nikiwa na kete nyeusi: Gambiti ya Stafford. Ufunguzi ni mpangilio wa miendo ya kwanza ya mchezo, na gambiti ni ufunguzi unaomtoa askari makusudi ili upate kitu kingine. Ni ufunguzi mbovu, na ni vizuri ulijue hilo tangu mwanzo. Ukiupeleka kwa injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua chesi, kama Stockfish, itakwambia mweupe yuko mbele kwa kiasi cha askari wawili hivi, na haitabadilisha mawazo. Kwenye mchezo wa saa nzima, mtu aliyetulia atakunyonga polepole. Lakini injini haihesabu kitu kimoja ambacho kwenye buleti kina thamani kuliko askari: sekunde ambazo mwenzako atatumia kushangaa.

Basi lishike hili kabla ya mwendo wowote. Askari unayemtoa ni bei, na unachonunua ni muda wa mwenzako. Wengi hujifunza gambiti kama mkusanyiko wa mitego, na mtego usiponasa wanavunjika moyo na kuanza kucheza ovyo. Mimi naupima kwa saa. Nikifika mwendo wa 8 nikiwa na sekunde 56 naye ana 46, biashara imelipa, hata kama mtego haukunasa na bado nina upungufu wa askari.

Herufi utakazoziona

Kwenye programu za chesi miendo huandikwa kwa herufi za Kiingereza, kwa hiyo nitazitumia hizo hizo ili usichanganyikiwe ukifungua simu. K ni mfalme, Q ni malkia, R ni ngome, B ni askofu, N ni farasi. Askari hana herufi, unaandikwa mraba anaokwenda tu. Mraba hutajwa kwa herufi ya mstari wake wa wima, a hadi h, na namba ya safu yake, 1 hadi 8 kuanzia upande wa mweupe. Alama ya x ni kula, + ni cheki (mfalme ametishiwa), # ni chekimeti (mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umeisha), O-O ni mfalme kuingia ngomeni, yaani yeye na ngome kusogea kwa mwendo mmoja, upande mfupi na O-O-O ni upande mrefu. Nikiandika vitone vitatu mbele ya mwendo, ni wa mweusi, yaani wako.

Miendo minne ya kwanza

1.e4 e5
2.Nf3 Nf6
3.Nxe5 Nc6
4.Nxc6 dxc6

Miendo miwili ya kwanza ni Ulinzi wa Petrov, uliopewa jina la Alexander Petrov, mchezaji wa Urusi wa karne ya 19. Ni ufunguzi wa heshima, mabingwa wa dunia wanaucheza. Tunapotoka njiani ni mwendo wa 3. Mwenye Petrov halisi hucheza 3...d6 kwanza, anamfukuza farasi, ndipo anachukua askari wa e4. Sisi tunamleta farasi wa pili c6 na kumwambia mweupe: mle ukitaka. Aliyeufanya ufunguzi huu ujulikane sana mtandaoni, hasa kuanzia mwaka 2020, ni Eric Rosen, Mmarekani mwenye cheo cha International Master, aliyekuwa akiucheza mbele ya watazamaji.

Usijaribu 3...Nxe4 kwa haraka ukidhani unarudisha askari wako. Mweupe atacheza 4.Qe2, na farasi wako akikimbia kwa 4...Nf6, anakuja 5.Nc6+: farasi ameondoka, malkia wake anakupa cheki kwenye mstari wa e, na farasi huyo anamla malkia wako mwendo unaofuata. Nimemwona mtu akipoteza malkia hivyo ndani ya sekunde nne.

Kwenye mwendo wa 4, kula kwa askari wa d, usile kwa askari wa b. Hapa ndipo gambiti yote ilipo. Ukila kwa d, njia mbili zinafunguka kwa wakati mmoja: mstari wa d kwa malkia wako, na mshazari wa askofu wa c8 kuelekea g4. Tazama ubao wakati huo. Mweupe ana askari wa ziada na hajatoa kete hata moja. Farasi wake aliyetembea miendo mitatu ameshaliwa. Wewe una farasi f6, maaskofu wote wawili wana njia, malkia anaona hadi d2. Mraba wa f2, unaolindwa na mfalme peke yake, ndio utakaoushambulia.

Kwa nini watu wanakula askari wa e5 bila kufikiri? Hapa Nairobi nina jibu langu. Wengi wetu tumelelewa na drafti, ile ya vizibo vya soda kwenye kipande cha mbao pale stendi, na kwenye drafti kula ni lazima. Mkono unakula kabla ya macho kumaliza kuangalia.

Primuvu: wapi uweke, wapi usithubutu

Primuvu ni mwendo unaouweka wakati bado ni zamu ya mwenzako; akicheza tu, wako unatoka papo hapo. Kwenye Lichess, tovuti ya chesi, unaruhusiwa primuvu moja kwa wakati na haikuli muda wowote. Kwenye Chess.com, tovuti nyingine, unaweza kupanga kadhaa, ila kila moja inakukata sehemu ya kumi ya sekunde. Gambiti hii isipochezwa kwa primuvu inapoteza nusu ya faida yake, kwa hiyo jifunze sehemu hii vizuri kuliko mitego yenyewe.

Mwendo wa 1: usiweke e5 kabla hujaona. Mweupe akianza kwa 1.d4, primuvu yako ya e5 inageuka kuwa Gambiti ya Englund, ubovu mwingine ambao hukuukusudia, na askari ameondoka. Ngoja uione e4, kisha cheza. Nusu sekunde si ghali.

Mwendo wa 2: ukishacheza e5, unaweza kuweka Nf6. Mweupe akileta 2.Nf3, 2.Bc4 au 2.Nc3, Nf6 ni mwendo mzuri kote. Hatari ya kawaida ni 2.d4 au 2.f4, ambapo ungependelea kula, lakini hapo pia hufi.

Mwendo wa 3: weka Nc6 bila wasiwasi mwingi. Akila e5, uko kwenye Stafford. Akicheza 3.Nc3 uko kwenye ufunguzi wa farasi wanne, akicheza 3.Bc4 uko kwenye ule wa farasi wawili, na yote miwili ni mizuri. Akicheza 3.d4 ungetamani 3...Nxe4, lakini huo mwendo si wa kawaida kwa wachezaji wa kiwango chetu.

Mwendo wa 4: weka dxc6. Primuvu hii ina uzuri wake: askari wako hawezi kwenda c6 kama hakuna cha kula pale, kwa hiyo mweupe akirudi 4.Nf3, programu inaifuta na unabaki salama. Hapo unacheza 4...Nxe4 na askari wako umempata. Akicheza 4.d4, kula 4...Nxe5, naye akila 5.dxe5, jibu 5...Nxe4, mmelingana.

Mwendo wa 5: ondoa kidole kwenye kioo. Nimepoteza michezo mingi sana hapa kwa kuweka primuvu ya Bc5, kwa sababu ndio mwendo unaochezwa mara nyingi na mkono unauzoea. Mweupe akisukuma 5.e5, farasi wako wa f6 analiwa bure wakati askofu wako anajitokeza kwa mbwembwe. Akisukuma 5.d4, askofu mwenyewe analiwa. Sekunde ulizookoa kwenye miendo minne ya kwanza, tumia moja hapa. Angalia alichocheza, ndipo ujibu.

Mwendo wa 5 wa mweupe: njia kuu

Huhitaji kukariri zaidi ya hizi. Kila moja ina jibu moja la kwanza, nalo liwe kwenye vidole.

Akicheza 5.e5, jibu 5...Ne4. Farasi amekaa katikati peke yake, na mkono wa mweupe unawashwa kumfukuza kwa 6.d3. Hapo usimwondoe. Cheza 6...Bc5. Sasa f2 inatazamwa na farasi na askofu. Akimla farasi, 7.dxe4, unacheza 7...Bxf2+ na mfalme anavutwa: akila 8.Kxf2, malkia wako anamla malkia wake, 8...Qxd1, kwa sababu askari wa d aliyekuwa akiuziba mstari ameondoka. Akikataa kula na kwenda 8.Ke2, unacheza 8...Bg4+, na akimla askofu wa f2 malkia bado ni wako.

Akijua zaidi, baada ya 5...Ne4 atacheza 6.d4. Huo ndio mwendo sahihi. Jibu 6...Qh4, unatishia chekimeti f2. Akijikinga kwa 7.g3, unaingia 7...Nxg3, na akila 8.fxg3 unacheza 8...Qe4+: cheki kwa mfalme, na ngome ya h1 iko kwenye mshazari huo huo. Akijikinga kwa utulivu, 7.Be3, shambulio limepoa; tazama saa, endelea kucheza.

Akicheza 5.d3, jibu 5...Bc5. Huu ndio mwendo utakaokutana nao mara nyingi kuliko yote, kwa hiyo nitaukalia.

Kutoka hapa wengi huona farasi wako wa f6 na malkia wako d8 wakiwa kwenye mshazari mmoja, na wanaleta 6.Bg5 kumfunga farasi. Inaonekana mwendo wa busara kabisa. Jibu ni 6...Nxe4, farasi anaondoka na kumwacha malkia. Mara ya kwanza jirani yangu alipoona hivi alifurahi, akamla malkia: 7.Bxd8. Nikacheza 7...Bxf2+. Mfalme ana mraba mmoja tu wa kukimbilia, 8.Ke2. Kisha 8...Bg4#. Iangalie picha hiyo polepole nyumbani, kwenye ubao, mpaka ikukae kichwani: farasi wa e4 anamlinda askofu wa f2 na wakati huo huo ameziba d2, askofu wa f2 ameziba e1 na e3, askofu wa g4 anatoa cheki na ameziba f3, d1, d3 na f1 zimezibwa na kete zake mwenyewe. Malkia wake yuko pale pale d1, mzima, hana la kufanya. Kete tatu ndogo zimemaliza mchezo, na malkia wako ameshaliwa.

Kama hakumla malkia, akala farasi kwa 7.dxe4, ni mkono ule ule wa kwanza: 7...Bxf2+ na malkia wa d1 anaondoka. Kama akashtuka na kurudi 7.Be3, kula 7...Bxe3 8.fxe3 kisha 8...Qh4+, na akiweka 9.g3, farasi anakula 9...Nxg3, akila farasi kwa askari wa h, ngome ya h1 ni yako. Utaona kwamba mikono ni michache na inajirudia. Ndiyo maana gambiti hii inafaa kwa kasi: huhesabu, unatambua.

Akicheza 6.h3 akiogopa farasi g4, kula 6...Bxf2+ 7.Kxf2 halafu 7...Nxe4+. Akila farasi kwa askari wa d, malkia wake hana mlinzi.

Sasa lile la wenye akili: 5.d3 Bc5 6.Be2. Mweupe ameziba mshazari wa malkia wake na anataka kuingiza mfalme ngomeni. Usimfukuze, mpishe aingie. Cheza 6...h5. Ni mwendo usiofanana na kitu, na ninaupenda kwa sababu hiyo: nimeona watu wakitumia sekunde tano kuutazama. Akicheza 7.O-O, jibu 7...Ng4. Akimfukuza farasi kwa 8.h3, usirudi nyuma. Cheza 8...Qd6, unatishia chekimeti h2. Akimla farasi, 9.hxg4, unakula 9...hxg4 na ngome yako ya h8 sasa inaona mstari wote wa h mpaka chini. Askari wake wa f2 hawezi kusogea, amefungwa na askofu wako wa c5.

Hapa kuna kosa ambalo nililirudia kwa wiki kadhaa. Mweupe akijikinga kwa 10.g3, mkono wangu ulikuwa unakimbilia 10...Qh6 ili kushuka mstari wa h. Lakini askari wa d3 ameshaufungua mshazari wa askofu wa c1, na h6 iko mwisho wa mshazari huo. Askofu aliyekuwa amekaa kimya tangu mwanzo wa mchezo anamla malkia. Cheza 10...Qg6, kisha lenga h5. Akiwa amejikinga kwa 10.Bf4 badala yake, mle askofu, 10...Qxf4, na akicheza 11.g3 sasa h6 ni halali, kwa sababu hakuna tena anayeilinda.

Mweupe anayejua atacheza 7.c3 badala ya kuingia ngomeni, ili asukume d4. Akisukuma, mrudishe askofu b6. Usimrudishe d6, kwa sababu askari wa e4 akisogea e5 atawachoma askofu na farasi kwa pamoja.

Akicheza 5.Nc3, jibu 5...Bc5. Akileta 6.Bc4, ambao ni mwendo wa watu waliofundishwa kutoa kete haraka, cheza 6...Ng4. Akiingia ngomeni 7.O-O, leta 7...Qh4. Akicheza 8.h3, ingia 8...Nxf2. Akijaribu 9.Qf3, sasa 9...Nxh3+ ni cheki mbili kwa pamoja, ya farasi na ya askofu, hawezi kula yeyote. 10.Kh1 Nf2+ tena cheki mbili, 11.Kg1, na 11...Qh1#. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Farasi anaruka h3 na kurudi f2, na mfalme anahangaika pembeni.

Kuna pia 5.d4, ambapo unakula tu 5...Nxe4 na umerudisha mali yako. Na kuna 5.f3. Mwendo huo ukiuona, jua mwenzako amesoma: ameilinda e4 na ameifunga g4 kwa askari mmoja. Usipoteze sekunde kumlaani. Toa kete, leta askofu c5, ingia mchezo wa kawaida ukiwa na upungufu wa askari.

Mtego usiponasa

Hii itakuwa zaidi ya nusu ya michezo yako, na ndipo wachezaji wa gambiti wanapoachana. Umefika mwendo wa 10, yeye ana askari wa ziada, hakuna shambulio la wazi. Ufanye nini?

Kwanza, malkia abaki ubaoni. Wakibadilishana malkia, mweupe hana tena cha kuogopa, na askari wa ziada anatembea kwa usalama. Anapokukaribisha kubadilishana, msogeze malkia wako mahali anapotishia kitu, hata kitu kidogo.

Pili, ingia ngomeni upande mrefu, O-O-O, kama mweupe ameingia upande mfupi. Ngome yako inakaa moja kwa moja kwenye mstari wa d uliokwisha kuufungua mwendo wa 4, na askari wako wa g na h wako huru kwenda mbele kumsumbua mfalme wake.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kila mwendo wako uwe na swali. Askofu anayeangalia ngome, malkia anayeangalia askari asiyelindwa, cheki isiyo na madhara. Mwendo wa kujilinda hauulizi kitu, na mwenzako atajibu kwa primuvu. Mwendo wenye swali unamlazimisha kuangalia ubao, na kuangalia ni sekunde. Lakini cheki usizitoe kama njugu mapema. Mchezaji mwenye sekunde 40 anakwepa cheki bila shida. Ziweke mpaka abakiwe na sekunde 10, hapo kila cheki inafuta primuvu aliyokuwa ameipanga, na mkono wake unalazimika kusimama.

Nina kanuni moja niliyojiwekea: nikiwa mbele kwa sekunde 8 au zaidi, siachi mchezo hata nikiwa na upungufu wa ngome. Nikiwa nyuma kwa saa na nyuma kwa kete, najiuzulu na kuanza mwingine, kwa sababu hapo nimelipa bei na sikupata bidhaa.

Simu, kidole na mtandao

Zima mwendo wa kuteleza wa kete kwenye mipangilio, kete iruke moja kwa moja. Weka askari anayefika mwisho ageuke malkia bila kuulizwa. Chagua kama unavuta kete au unagusa mara mbili, na ushike njia moja. Mimi nagusa, kwa sababu kidole chenye jasho kinavuta kete hadi mraba wa jirani. Kioo kifutwe. Wateja wangu wananiletea simu zenye kioo kilichopasuka upande wa chini, na wengine wanaocheza buleti hawaelewi kwa nini ngome ya h8 inawakataa. Kwa gambiti hii upande huo wa ubao ndio wenye kazi yote.

Mtandao nao ni mchezaji wa tatu. Seva za Lichess ziko Ufaransa, kwa hiyo kila mwendo wako unavuka bahari kwenda na kurudi. Ukifungua Lichess kwenye kompyuta, ukibonyeza jina lako utaona muda huo kwa milisekunde. Programu hukufidia ucheleweshaji kidogo, lakini mtandao ukikatika kabisa saa yako inaendelea kuliwa. Mimi sichezi buleti kwenye matatu. Kuna siku nilikuwa naelekea Rongai jioni, nina malkia wa ziada na sekunde 30, gari likaingia mahali ambapo simu ilitafuta mnara. Iliporudi, mchezo ulikuwa umeisha. Ukilazimika kucheza njiani, chagua 2+1, dakika 2 na sekunde 1 ya nyongeza kila mwendo. Ubora wa gambiti unapungua kidogo kwa muda huo, lakini hupotezi kwa sababu ya mnara.

Mazoezi ya wiki mbili

Siku tatu za kwanza usicheze na mtu. Fungua ubao wa uchambuzi wa Lichess, ambao ni bure na hauna matangazo, na cheza pande zote mbili za kila njia niliyoandika hapo juu mpaka usitazame tena maandishi. Kila njia mara kumi. Kisha fungua sehemu ya takwimu za ufunguzi, chuja kwa buleti na kwa kiwango chako, na uone wenzako wanacheza nini hasa mwendo wa 5. Utashangaa jinsi 5.d3 na 5.Nc3 zinavyojirudia, na utajua wapi uweke nguvu.

Siku nne zinazofuata cheza michezo kumi kwa siku, si zaidi. Baada ya hapo, kabla ya kulala, fungua kila mchezo ulioingia Stafford na uangalie mchoro wa muda wa kila mwendo. Usianze na injini. Andika kwenye daftari mambo matatu tu: mweupe alicheza nini mwendo wa 5, alitumia sekunde ngapi kutoka mwendo wa 5 hadi wa 10, wewe ulitumia ngapi. Ukiona wewe ndiye uliyetumia nyingi, hujajua njia hiyo bado, hata kama ulishinda. Irudie kwenye ubao.

Wiki ya pili leta injini, kwa michezo uliyopoteza tu, na utafute mahali ambapo tofauti ilikuwa primuvu au kidole. Usiitumie hata mara moja wakati mchezo unaendelea. Huo ni wizi, akaunti inafungwa, na aliyeibiwa zaidi ni mtu aliyekaa upande wa pili akiamini anacheza na binadamu.

Ukipoteza mitatu mfululizo, funga. Buleti ya hasira inachezwa na mkono peke yake, na gambiti hii inakuhitaji ukiwa na jicho mwendo wa 5.

Na ukishaanza kukutana na watu wanaojibu 5.f3 au 6.Be2 na c3 bila kusita, ukiangalia saa ukaona hawatumii hata sekunde moja, umefika mahali ambapo askari wako hanunui tena chochote. Mimi nilipofika hapo nilirudi kwenye 3...d6, Petrov yenyewe, kwa wapinzani wa kiwango hicho, na Stafford nikaibakiza kwa wa chini yake na kwa jirani yangu wa chaja, ambaye hadi leo akiuona mwendo wa 6...h5 huweka simu mezani na kuitazama kwa muda.